Kuni za Zoezi la Kumi na Nne

Mwalimu Mizania alikuwa na tabia moja ambayo mkewe hakuijua kwa miaka mingi. Alikuwa akiichukua biashara ya mkewe na kuigeuza mtihani.

Hakuwa na nia mbaya. Mtu anayefundisha uhasibu na uendeshaji wa biashara katika chuo cha jioni hula mazoezi kama moto unavyokula karatasi, na mazoezi ya vitabuni yalikuwa yamemchosha. Mle mna kampuni zinazotengeneza "bidhaa A" na "bidhaa B", vitu ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuvishika mkononi. Yeye alitaka namba zenye harufu. Basi kila Jumamosi, akishamaliza kupanga risiti za tanuri la mkewe, alinakili chache pembeni, akabadilisha jina, akatia chumvi kidogo, na Jumatano wanafunzi wakakuta mezani swali kuhusu "Kiwanda Z, kinachooka mikate". Hivyo ndivyo wanafunzi thelathini na mmoja, watu wazima wenye kazi zao za mchana, walivyopata kujua mke wa Mwalimu alinunua magunia mangapi ya unga mwezi wa tatu, trei ngapi ziliungua, na kwamba baiskeli yake ya kusambazia mikate ilikuwa imechakaa kiasi cha kufutwa kabisa vitabuni.

Jina la Mizania alipewa na wanafunzi hao hao, kwa sababu hakuna kitu alichokipenda duniani kama kuona pande mbili za karatasi zikilingana. Zikilingana, alipiga mistari miwili chini kwa rula, akavua miwani, akatabasamu peke yake kama mtu aliyekumbuka siri nzuri. Kwenye matumizi alikuwa mkono wa birika, alijua hivyo, na wala hakuona haya. Ila kwenye hesabu alikuwa mkweli mno. Hata mama yake mzazi asingeweza kumwomba aongeze senti moja mahali isipokaa.

Na ukweli huo ndio uliomtia matatani.

Tanuri lilikuwa nyuma ya duka dogo, mitaa miwili kutoka nyumbani kwao. Lilikuwa la matofali, kubwa kama chumba cha kulala mtoto, lenye mlango mzito wa chuma. Wanawake wawili ndio waliolifanyia kazi. Mkewe, mwenye biashara, alioka mikate. Dada mkubwa wa mkewe, ambaye Mwalimu alimwita Shemeji kama ilivyo desturi, alitengeneza skonzi, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Dada huyo ndiye aliyemlea mke wa Mwalimu baada ya mama yao kufariki. Ndiye aliyeuza cherehani yake, kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho, ili mdogo wake amalize shule. Mambo hayo hayakuwa kwenye risiti yoyote.

Jumapili moja mkewe alikaa kando yake mezani, akaweka mikono yake miwili juu ya daftari ili asiweze kufungua ukurasa.

"Viganja vyangu vimekwisha, baba watoto," alisema. "Nikikanda unga asubuhi, mpaka jioni siwezi kufunga kifungo. Nataka mashine ya kukandia."

"Mashine ni milioni mbili na laki mbili."

"Najua bei yake. Nakuambia wewe kwa sababu lazima kitu kipungue. Wewe ndiye mwenye vitabu. Niangalizie skonzi. Kama zinatuletea hasara, tuziache. Utakaloniambia Jumamosi ijayo ndilo nitakalofanya."

"Na dada yako je?"

Mkewe aliondoa mikono daftarini. "Ndiyo maana nakuuliza wewe. Nikijiuliza mwenyewe sitajibu."

Mwalimu akakaa na namba zake. Kwa wiki moja, skonzi ziliingiza elfu mia mbili na arobaini. Unga, sukari, siagi na hamira vilikula elfu mia na thelathini. Mshahara wa Shemeji, elfu sitini. Kisha kuni. Kuni za tanuri zilikuwa elfu mia na arobaini kwa wiki, na kwa kuwa tanuri lilioka vitu viwili, Mwalimu alizigawa nusu kwa nusu, kama alivyozigawa kila Jumamosi tangu aanze kushika vitabu vile. Skonzi zikabebeshwa elfu sabini. Akajumlisha: mia mbili na sitini. Akatoa. Hasara ya elfu ishirini kila wiki.

Akarudia. Ishirini. Akarudia kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayetafuta funguo katika mfuko aliokwisha kuupekua. Ishirini ile ile.

Aliumia, tena sana. Kila asubuhi ya miaka hiyo yote alikuwa amekunywa chai yake kwa skonzi mbili ambazo Shemeji alimletea zikiwa zimefungwa kwenye karatasi, bado zina joto. Sasa yeye ndiye aliyetakiwa kusema neno la kumwondoa mama wa watu kazini. Kumwambia mkewe uso kwa uso kulimshinda hata kwa mawazo. Basi akafanya kile anachofanya siku zote akizidiwa na jambo. Aliligeuza zoezi.

Zoezi la kumi na nne lilisomeka hivi: "Kiwanda Z kinaoka mikate na skonzi katika tanuri moja." Zikafuata namba, safi, zimepangwa mstari kwa mstari. Mwishoni akaandika: "Je, Kiwanda Z kiache kuoka skonzi? Jibu kwa hesabu, si kwa huruma." Maneno hayo ya mwisho alijiandikia mwenyewe. Moyoni alikuwa anaomba mmoja wa wale thelathini na mmoja amkosoe, lakini hilo hakulikiri hata mbele ya kioo.

Aliwagawia Jumatano, akakusanya majibu Ijumaa mwanzoni mwa kipindi, akayasahihisha pale pale mbele huku wao wakisoma sura iliyofuata. Kiache. Kiache. Kiache mara moja. Kiache, na tanuri litumike kwa mikate tu. Keshia wa duka la vifaa vya ujenzi alikuwa amejibu nyuma ya karatasi ya kufungia misumari, kwa maelezo kwamba karatasi ya swali aliisahau mahali, hajui wapi. Naye aliandika kiache. Kila alama ya vema aliyoiweka Mwalimu ilimshuka kifuani kama tofali.

Karatasi ya mwisho haikuwa na jibu. Ilikuwa na mstari mmoja tu: "Kuni za skonzi zinawashwa saa ngapi?"

Hakuhitaji kutazama jina. Huyo alikuwa Zimamoto, jitu la miraba minne lililofanya kazi kikosi cha kuzima moto, ambalo tangu siku ya kwanza lilikaa nyuma karibu na mlango, kwa mazoea ya kazi. Mwalimu alimpa sifuri, nyekundu, ya duara kamili.

"Wewe bwana," alisema akiinua karatasi ile juu, "swali linakuuliza kiache au kisiache. Wewe unaniuliza saa?"

Zimamoto akasimama, na kiti chake kikashusha pumzi. "Samahani, Mwalimu. Ni mazoea tu. Sisi tukifika penye tukio, kitu cha kwanza tunauliza moto umeanzia wapi."

Darasa likacheka. Mwalimu naye akatabasamu kidogo, shingo upande.

"Swali linasema nusu ya kuni ni za mikate na nusu ni za skonzi," Zimamoto akaendelea. "Nani aliyezigawa?"

"Aliyetunga swali."

"Alikuwepo tanurini?"

Mwalimu akagonga kitabu kwa kalamu yake. "Hiyo ni kanuni ya kawaida. Tanuri moja, bidhaa mbili, gharama unagawa. Tumeisoma sura ya tatu."

"Kanuni siikatai, Mwalimu. Ila mimi nikitoka zamu ya usiku napita sehemu moja kununua skonzi. Nafika ndiyo kwanza zinaingizwa. Mimi moshi ni kazi yangu, nauona kabla ya mtu yeyote. Na kwenye lile bomba saa zile sijawahi kuona moshi hata wa sigara."

Wanafunzi wote wakajifanya wanatafuta kitu kwenye mabegi yao. Keshia akapatwa na kikohozi cha ghafla. Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kuelewa jambo, na masikio yakamwaka.

"Mnajua Kiwanda Z ni nani?" aliuliza taratibu.

Sauti moja ya mbele ikasema kwa upole, "Mwalimu, sisi tunaijua mpaka ile baiskeli."

Walivunjika mbavu. Walicheka vile watu wazima wanavyocheka baada ya kujizuia muhula mzima, wakipiga meza na kufuta machozi, na Mwalimu alisimama katikati ya kicheko hicho akiwa na kalamu yake nyekundu, asijue aiweke wapi. Alitangaza kwamba kipindi kimekwisha, ingawa bado zilibaki dakika ishirini. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakufikiria aibu. Alifikiria moshi.

Hapa ni lazima tuuseme ukweli wake, maana mwenyewe alikuwa hajausema. Katika miaka yote hiyo Mwalimu alikuwa ameingia kwenye lile duka mara zisizohesabika, na kila mara ilikuwa alasiri, tanuri limepoa, risiti zikimsubiri kwenye msumari. Mkewe aliondoka nyumbani alfajiri yeye akikoroma. Skonzi zilimfikia mezani zimeshaiva. Alijua bei ya kila gunia na kila mzigo wa kuni, lakini hakuwahi kuliona tanuri lile likifanya kazi hata siku moja.

Jumamosi, siku ya kutoa jibu, aliamka bila kuamshwa. Saa kumi na mbili kasoro robo alikuwa mlangoni pa duka, amevaa koti lake la chuoni na amebana daftari kwapani. Nje kulikuwa kunapambazuka. Mkewe alikuwa akiitoa mikate kwa ubao wenye mpini mrefu, uso umemng'aa kwa jasho, na chumba kizima kilinukia hata njaa ikamshika hapo hapo.

"Kuna msiba?" mkewe aliuliza.

"Hakuna. Nimekuja kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Endeleeni tu. Msinijali."

Mkewe na Shemeji wakatupiana jicho, kisha wakaendelea. Mwalimu akajibanza kati ya magunia ya unga na rafu ya trei, akafungua daftari, akaandika juu ya ukurasa: "Kuni, fungu la pili." Akangoja.

Mkate wa mwisho ukatoka. Shemeji akavuta makaa machache yaliyobaki pembeni, akayatia kwenye ndoo ya bati. Akachukua gunia bichi lililofungwa kwenye fimbo, akalipitisha sakafuni mwa tanuri, na mvuke ukatoka kwa sauti. Mwalimu akatazama rundo la kuni kwenye kona. Hakuna aliyelisogelea.

"Njoo hapa," Shemeji alimwambia mdogo wake. "Leo rusha wewe."

"Nirushe mimi? Hiyo si kazi yako?"

"Rusha."

Mkewe akachota unga kwa vidole, akaurusha sakafuni mwa tanuri.

"Sasa hesabu. Ukifika kumi umekuwa mweusi, tanuri lina hasira, ngoja. Ukifika thelathini umekuwa rangi ya chai, ndiyo unatia. Ukifika hamsini bado mweupe, umechelewa, usilaumu hamira."

"Dada, miaka yote hii hujawahi kunifundisha. Kwani unakwenda wapi?"

"Nitakwenda wapi mimi? Wewe hesabu."

Walifika thelathini na mbili. Shemeji akaridhika, akaanza kuingiza trei, moja baada ya nyingine, tano, akauvuta mlango wa chuma na kuufunga. Kisha akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu.

Mwalimu akavumilia dakika nzima. "Sasa kuni mnatia saa ngapi?"

"Kuni za nini?" mkewe akauliza.

"Za skonzi."

Wanawake wale wawili wakamtazama kana kwamba ameuliza mvua inauzwa duka gani. Halafu mkewe akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Baba watoto! Skonzi haziwashiwi moto! Tukizitia na moto zitakuwa mkaa. Zinaiva kwa joto la mikate. Tulianza kuoka skonzi kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa nasikitika kuona joto lote lile linapotea bure, dada akasema ngoja tulitie kazi."

"Na zikitoka hizi," Shemeji akaongeza kwa sauti ya kumfundisha mgeni, "tunapanga humo kuni za kesho zikauke. Miaka kumi na tisa unakula skonzi zangu, shemeji, hukuwa unajua zinaiva na nini?"

Mwalimu Mizania alitafuta mahali pa kuandikia, na daftari lilikuwa mkononi mwake, lakini hakulikumbuka. Aliinamia meza ya kukandia iliyokuwa na vumbi la unga, akaandika kwa kidole. Mia mbili na arobaini. Toa mia na thelathini. Toa sitini. Kuni akaandika, akazifuta kwa kiganja. Skonzi zikiachwa, kuni za mikate zitawaka zile zile, mia na arobaini zile zile, hakuna hata kijiti kimoja kitakachookolewa. Kikabaki hamsini. Si hasara ya ishirini, ni faida ya elfu hamsini kila wiki. Akapiga mistari miwili chini yake kwa ukingo wa mkono wa koti lake jeusi, likageuka jeupe.

"Nilikosea," alisema, na macho yalikuwa yamemlowa wala hakuyaficha. "Mke wangu, ulinipa kazi ya kuangalia skonzi. Nimekosea, kosa ambalo kila mwaka nawanyima watu alama kwa kulifanya. Nimezitwika mzigo usio wake. Msiziache. Mkiziacha mtapoteza hamsini kila wiki."

Mkewe alivuta pumzi ndefu, akaketi juu ya gunia. "Alhamdu... haya, nashukuru. Wiki nzima sijalala vizuri."

Shemeji alijifuta mikono taratibu, akaiingiza kwenye mfuko wa aproni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye madoa ya siagi. Akaikunjua magotini.

"Ni hii?" aliuliza.

Mwalimu aliitambua kabla haijafunguka. Lilikuwa zoezi la kumi na nne.

"Mteja mmoja aliisahau kaunta juzi, yule wa duka la misumari," alisema Shemeji. "Nikadhani ni orodha yake ya vitu, nikasoma ili nijue nimwekee nini. Kiwanda Z. Nikaona mia mbili na arobaini, nikaona sitini. Sitini naijua, huwa nalipwa kila Ijumaa." Akasogeza karatasi mbali kidogo na macho, akasoma kwa sauti. "'Jibu kwa hesabu, si kwa huruma.'"

Ndani ya tanuri skonzi zilikuwa zinaumuka.

"Nilijumlisha mwenyewe," aliendelea. "Ikatoka hasara. Nikasema basi, ndivyo ilivyo, shemeji yangu si mtu wa kuongopa. Lakini nisingeweza kuondoka bila huyu kujua kupima joto."

Hapo ndipo mkewe alipoelewa kwa nini ameambiwa arushe unga. Alimkumbatia dada yake, wakayumba wote wawili kwenye kigoda kimoja, kisha akamgeukia mumewe, na Mwalimu akatamani magunia yangekuwa marefu zaidi.

"Kwa hiyo umetuandikia mtihani!"

"Mke wangu—"

"Nimekuuliza wewe, faraghani, mezani kwangu. Wewe umekwenda kuwauliza watu thelathini! Dada yangu anasoma habari zake kaunta kama tangazo la mnada, na mimi nipo hapa hapa sijui lolote!"

"Thelathini na mmoja," alisema Mwalimu, maana hakuweza kujizuia.

Alipewa vidonge vyake, na tuseme wazi kwamba alistahili kila kimoja. Alipewa kuhusu mtihani, kuhusu baiskeli, na kuhusu magunia ya mwezi wa tatu. Alisimama akapokea. Mkewe alipoishiwa pumzi, Mwalimu alikwenda mbele ya kigoda, akachutama, magoti yakalia, akasema, "Nisamehe, shemeji. Niliogopa kukutazama usoni, nikakuficha ndani ya namba. Na namba zenyewe nikazikosea."

Shemeji akamkung'uta unga begani. "Inuka, utachafua hilo koti. Skonzi zimeiva."

Walizila pale pale, wamesimama, zikiwaunguza vidole. Na kwa kuwa mtu haachi asili, kabla hajamaliza ya pili Mwalimu aliuliza, "Joto hili linabaki mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa tatu lingeoka trei mbili nyingine," alisema Shemeji. "Watu saa hizo wanarudi mikono mitupu, skonzi zimeisha. Tatizo si joto. Tatizo ni nani wa kukanda."

Mwalimu alitazama viganja vya mkewe. Akatazama meza. Akafuta kwa koti, akaanza upya. Kila trei, ukishatoa unga na vitu vyake, ilibakiza elfu ishirini na mbili kwa wiki. Trei mbili, arobaini na nne. "Hiyo hamsini hatuigusi," alijisemea, "tulikuwa tunaipata siku zote, isihesabiwe mara mbili. Mashine ni milioni mbili na laki mbili. Gawa kwa arobaini na nne." Akainua uso. "Wiki hamsini. Mashine inajilipia yenyewe ndani ya mwaka, na inalipiwa na skonzi."

"Kwa hiyo mimi nioke trei saba kwa mshahara wa trei tano?" Shemeji aliuliza huku akilamba siagi kidoleni.

Mkono wa birika ukapata maumivu. Mwalimu alikohoa. Mkewe alimtazama kwa jicho ambalo halikuhitaji maelezo.

"Elfu nne zaidi kwa wiki," alisema Mwalimu. "Inakuwa wiki hamsini na tano."

"Andika," alisema Shemeji.

Akaandika, safari hii daftarini.

Jumatano iliyofuata aliingia darasani akiwa na karatasi zote za zoezi la kumi na nne. Kwenye ya Zimamoto alikuwa ameikata ile sifuri na kuweka alama zote, na chini yake akaandika, "Nilikwenda. Hawawashi." Wale wengine thelathini aliwaachia alama zao, kwa kuwa walijibu sawasawa swali lililoulizwa vibaya. Sifuri ile alijipa mwenyewe, akaichora ubaoni kwa chaki nyekundu, duara kamili, akawaeleza kila kitu, toka moshi mpaka aproni. Hawakucheka kama Ijumaa. Keshia alijifuta macho na mtandio wake.

"Na kuanzia sasa," alimalizia, "Kiwanda Z kimefungwa. Mwenyewe amekataza. Mnaotaka namba za tanuri, mwende mkaombe ruhusa."

Mlango ukagongwa. Zimamoto, aliyekuwa karibu nao, akaufungua. Alikuwa Shemeji, amevaa gauni lake la kutokea, kichwani amebeba trei iliyofunikwa kitambaa cheupe. Aliitua mezani mbele ya Mwalimu, akafunua, na harufu ikafika mpaka nyuma kabla skonzi hazijafika. Thelathini na mbili, moja kwa kila mwanafunzi na moja ya mwalimu.

Darasa lilimpigia makofi. Mwalimu alisimama akiwa amefura kwa furaha, akijua kwamba amesamehewa mbele ya mashahidi. Alinyoosha mkono achukue yake. Shemeji akamwekea kwenye kiganja hicho hicho karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa bili. Skonzi thelathini na mbili, kila moja mia mbili, jumla elfu sita na mia nne. Mistari miwili imepigwa chini, kwa rula.

"Shemeji," Mwalimu alinong'ona, "hakuna bei ya ndugu?"

"Geuza nyuma," alisema Shemeji.

Akageuza. Nyuma ya bili kulikuwa na maneno yake mwenyewe, yale aliyojiandikia, yamekatwa kwa mkasi kutoka kwenye zoezi la kumi na nne na kugandishwa kwa unga wa ngano: Jibu kwa hesabu, si kwa huruma. Mwalimu Mizania alitoa pochi, akahesabu elfu sita na mia nne, akalipa yote.